Maswali ya Wasomaji: Nani hubeba gharama ya ubunifu kabla haujaleta faida?

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: serikali ina kazi gani katika kuzaa teknolojia mpya? Tumechagua barua tano. Baadhi tumezijibu kwa urefu kwa sababu swali lake linagusa mambo ambayo mara nyingi husimuliwa nusunusu.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Katika mdahalo wa wanafunzi wangu, upande mmoja ulidai kwamba teknolojia huletwa na watu binafsi na makampuni, na kwamba msaada mkubwa wa serikali ni kukaa kando. Ushahidi wao ulikuwa M-Pesa, na upande wa pili haukupata la kujibu. Je, ni kweli kwamba serikali haikuwa na mkono katika M-Pesa?* — Mwalimu, Mbeya

Mwalimu, serikali ilikuwa na mkono, tena serikali mbili. Wazo la kutumia simu kwa miamala ya fedha lilishughulikiwa ndani ya kampuni ya Vodafone ya Uingereza, ambako Nick Hughes aliomba ruzuku katika mfuko wa Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya serikali ya nchi hiyo. Mfuko huo ulitoa karibu pauni milioni moja, na kampuni ikatoa kiasi kinacholingana nacho. Kampuni tajiri kama hiyo ilihitaji fedha za walipakodi kwa sababu ndani yake mradi wa kuwahudumia wakopaji wadogo wa Kenya ulikuwa unagombea bajeti na miradi ya Ulaya yenye faida ya hakika, na katika ushindani wa namna hiyo mradi wa Kenya ungewekwa kando. Ruzuku ilipunguza hatari ya jaribio, na jaribio likafanyika.

Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wa Faulu, ambayo ni taasisi ya mikopo midogo. Nia ya mwanzo ilikuwa wakopaji wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Wahusika waliona kwamba watu walikuwa wakiutumia mfumo kwa mambo yao mengine, hasa kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma ikaundwa upya kufuata mahitaji hayo kabla ya kuzinduliwa Machi 2007. Isisahaulike pia kwamba wakati wa uzinduzi Safaricom yenyewe, kampuni ya simu ya Kenya iliyoizindua huduma hiyo, ilimilikiwa kwa asilimia 60 na serikali ya Kenya kupitia Telkom Kenya, hadi hisa za asilimia 25 zilipouzwa kwa umma mwaka 2008.

Hata hivyo, mchango ninaouona kuwa mkubwa kuliko yote ulitoka Benki Kuu ya Kenya. Sheria za wakati ule hazikuwa na mahali pa kuiweka kampuni ya simu inayopokea fedha za wananchi. Benki Kuu ingeweza kusema kwamba kisichotajwa na sheria kimekatazwa, na hakuna ambaye angeilaumu. Badala yake iliuchunguza mfumo, ikataka fedha zote za wateja zikae katika akaunti ya amana kwenye benki ya biashara ili kampuni isiweze kuzikopesha wala kuzitumia, kisha Februari 2007 ikatoa barua ya kutopinga. Mwishoni mwa mwaka 2008, mabenki yalipolalamika, kaimu Waziri wa Fedha John Michuki aliagiza huduma hiyo ikaguliwe, na Januari 2009 ukaguzi ukaeleza kwamba ilikuwa salama. Sheria kamili ya mifumo ya malipo ilipitishwa mwaka 2011, yaani miaka minne baada ya wananchi kuanza kutumiana fedha. Maofisa waliokubali kusimamia kitu ambacho hakijawahi kuwepo, huku wakikifuatilia kwa karibu, walifanya kazi ya ubunifu sawa na wahandisi walioandika programu.

Wanafunzi wako walikuwa na haki katika jambo moja, nalo wasinyang'anywe. Hakuna wizara ambayo ingeweza kujenga mtandao ule wa mawakala, kuwafundisha, kuhakikisha wana salio na fedha taslimu kila asubuhi, na kusahihisha makosa ya mfumo usiku na mchana kama walivyofanya Susie Lonie wa Vodafone na wenzake. Serikali ilifanya sehemu ambayo kampuni haikuwa tayari kuifanya, na kampuni ikafanya sehemu ambayo serikali haiwezi.

Ukitaka mfano mwingine kwa ajili ya mdahalo ujao, wape mkongo wa baharini, yaani waya mkubwa unaopitisha intaneti chini ya bahari. Hadi mwaka 2009 pwani yetu ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya polepole. Mpango wa kikanda wa mkongo wa EASSy ulichelewa kwa mabishano ya nani amiliki na nani atumie kwa masharti gani. Serikali ya Kenya, ambayo katibu mkuu wake wa habari na mawasiliano wakati ule alikuwa Bitange Ndemo, ikaamua kuanzisha mkongo wake wa TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa pamoja na Etisalat ya Falme za Kiarabu, kisha ikayakaribisha makampuni ya simu kununua hisa. Mkongo huo ulifika Mombasa Juni 2009. Mwezi uliofuata SEACOM, uliojengwa kwa mitaji ya watu binafsi, ulianza kazi Mombasa na Dar es Salaam, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Upande wa Tanzania, serikali ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuupeleka uwezo huo mikoani, hata kule ambako hakuna kampuni ambayo ingetangulia kuchimba mtaro.

Intaneti yenyewe ina asili kama hiyo. Mtandao wa ARPANET uliounganisha kompyuta za vyuo na taasisi nne za utafiti mwaka 1969 ulilipiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na mfumo wa GPS unaowaongoza madereva wa bodaboda leo ni wa wizara hiyohiyo.

*Mhariri, mimi ni fundi magari. Tangu utotoni nimesikia habari za gari la Nyayo la Kenya na malori ya Nyumbu ya Tanzania. Sijawahi kulitengeneza hata moja. Yalikwenda wapi?* — Fundi, Mombasa

Fundi, swali lako linaniuma, kwa sababu magari yale yalikuwepo kweli na walioyatengeneza walikuwa watu wetu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, na mwaka 1990 magari ya mfano yalionyeshwa hadharani Nairobi. Kampuni iliyoundwa kwa ajili ya kuyazalisha haikupata mtaji wa kiwanda, wala hakukuwa na mnunuzi aliyeahidi kuyachukua. Karakana yake baadaye iligeuzwa kuwa Numerical Machining Complex, inayotengeneza vipuri, kwa hiyo ujuzi haukupotea wote. Kwa upande wa Tanzania, Shirika la Nyumbu lililopo Kibaha chini ya Wizara ya Ulinzi lilitengeneza malori ya mfano katika miaka ya 1980, lakini uzalishaji wa kuyafikisha kwenye gereji yako haukuja.

Kutengeneza gari moja la mfano na kutengeneza magari elfu moja yanayofanana ni kazi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza huhitaji wahandisi hodari na karakana. Ya pili huhitaji wauza vipuri, viwango, mikopo ya muda mrefu, mafundi kama wewe waliofundishwa kulikarabati, na zaidi ya yote mnunuzi atakayechukua magari ya mwanzo, yaliyo ghali na yenye kasoro, ili kiwanda kipate muda wa kujifunza. Serikali zetu ziliifadhili kazi ya kwanza, zikakata utepe, kisha zikaendelea kuagiza magari ya kigeni kwa ajili ya maofisa wake. Nalisema hili kwa uchungu: shangingi lililonunuliwa na wizara mwaka ule lilikuwa kura dhidi ya gari ambalo serikali hiyohiyo ilikuwa imelizindua.

Linganisha na mambo yalivyokwenda kwingine. Chipu za kwanza za kielektroniki nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilikuwa ghali mno kwa vifaa vya nyumbani. Walionunua karibu zote walikuwa serikali, kwa ajili ya makombora ya Minuteman na chombo cha Apollo kilichokwenda mwezini. Viwanda vilipozalisha kwa wingi kutimiza oda hizo vilijifunza kupunguza makosa, bei ikaporomoka, ndipo redio na vikokotoo vikafuata.

Taiwan ilipita njia nyingine kidogo. Serikali yake ilianzisha taasisi ya utafiti wa viwanda, ITRI, mwaka 1973, na mwaka 1976 ikanunua teknolojia ya chipu kutoka kampuni ya RCA ya Marekani na kuwapeleka wahandisi vijana kujifunza kazini huko. Taasisi ikajenga kiwanda cha majaribio, ikaviachia viwanda vya biashara kuzaliwa humo. Kampuni ya chipu ya TSMC ilipoanzishwa mwaka 1987 chini ya Morris Chang, serikali ilitoa karibu nusu ya mtaji, Philips ya Uholanzi ikatoa zaidi ya robo, na wafanyabiashara wa ndani wakashawishiwa, wengine kwa shingo upande, kuchangia kilichobaki. Toka kununua teknolojia ya RCA hadi kuzaliwa kwa TSMC ni miaka kumi na moja. Katika nchi zetu ni miradi michache ya teknolojia inayoweza kusema kwamba ilipewa miaka kumi na moja ya fedha mfululizo bila kubadilishiwa jina, wizara na mkurugenzi.

Wa kumwangalia sasa ni jirani yetu Uganda. Wanafunzi na walimu wa Makerere waliunda gari la umeme la Kiira mwaka 2011, serikali ikaanzisha kampuni ya Kiira Motors, basi la Kayoola likaonyeshwa mwaka 2016, na kiwanda kikajengwa Jinja. Kipimo chake ni oda: nani ananunua mabasi hayo, na kama atarudi kununua tena.

*Shikamoo Mhariri. Ninasoma kilimo chuoni. Wenzangu wanasema ubunifu ni programu za simu, na kwamba vituo vya utafiti vya serikali ni mahali pa kusubiri pensheni. Je, nifikirie kuajiriwa huko?* — Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba. Kabla hujawasikiliza wenzako, nenda Mtwara ukazione kazi za kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kiasi cha tani 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: wakulima walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho mbali, bei waliyolipwa ilikuwa ndogo, mashamba yakaota vichaka, na juu ya yote ukaingia ugonjwa wa ubwiri unga, ambao hushambulia maua na machipukizi machanga hata mti usishike korosho. Mkulima aliyetazama maua ya mti wake yakigeuka kuwa kama yaliyonyunyiziwa jivu hakuwa na namna ya kujua kwamba ni kuvu, wala wakati gani wa kuupiga.

Watafiti wa Naliendele waliufuatilia ugonjwa huo, wakathibitisha kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati maua yanapochipua huuzuia, wakapanga ratiba ya kupuliza, na huku wakichagua miti inayozaa vizuri na kuvumilia magonjwa. Kutokana na miti hiyo vilipatikana vikonyo vya kubebesha, yaani kuunganisha, kwenye mikorosho ya zamani, na baadaye mbegu bora zilizosambazwa kwa wakulima. Kazi hiyo ilichukua miongo, kwa sababu mkorosho hauharakishwi. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Utafiti peke yake haukuleta ongezeko lote hilo. Bei, ruzuku ya pembejeo na jasho la wakulima vilihusika. Lakini bila dawa ya ubwiri unga, hayo mengine yangekuwa yanamwagwa kwenye miti isiyozaa.

Sasa jiulize ni kampuni gani ingeifanya kazi ile. Salfa ni bidhaa ya kawaida isiyo na hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, na ratiba ya kupuliza ikishajulikana kijiji kimoja hujulikana wilaya nzima bila mtu kulipwa. Faida ilikwenda kwa mamia ya maelfu ya kaya za Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani, na hakuna mfereji wa kuirudisha kwa aliyetafiti. Maarifa ya aina hii hulipiwa na umma au hayapatikani kabisa.

Kuhusu maisha ya kazi, sitakuficha: fedha za utafiti huchelewa, na mtafiti anaweza kukaa msimu mzima akisubiri mafuta ya gari la kwenda shambani. Hilo ni kosa la bajeti, nalo linarekebishika. Ukiipenda mimea na ukiweza kuvumilia jibu linalokuja baada ya miaka minane, kachukue nafasi hiyo.

*Mhariri, ninaendesha kibanda cha miamala ya simu. Mwaka 2021 tozo ilipoingia, wateja walipungua, wengine wakarudi kutuma fedha kwa makondakta wa mabasi. Serikali inayotaka teknolojia inawezaje kuitoza teknolojia hiyohiyo?* — Mama mwenye kibanda, Kigoma

Mama, pole kwa hasara uliyoipata. Serikali ina haki ya kukusanya kodi, na minara ya vijijini na mikongo niliyoitaja juu haijengwi kwa maneno. Kosa lilikuwa namna. Tozo iliyoanza Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, iliwekwa juu ya ada ya kampuni na ilimgusa mtu kila fedha ileile ilipohama, hata kama ni mtoto anamtumia mzazi wake ya dawa. Malalamiko yalisikika, ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na ikapunguzwa tena mwaka 2022. Mteja uliyempoteza wakati ule alikuwa amekubali kuamini mfumo mpya baada ya miaka mingi ya kushawishiwa, na kuirudisha imani hiyo ni kazi kuliko kuirekebisha kanuni.

Historia yetu ina funzo kali kuliko hilo. Baada ya mfumo wa hesabu za Serikali uliowekwa kwenye kompyuta kuvurugika, mwaka 1974 Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo, na zuio likalegezwa hadi kuondolewa katika miaka ya 1990. Hofu ilikuwa na sababu, kwani fedha za umma zilikuwa zimepotea kweli. Hata hivyo, kizazi kizima cha wahasibu, wahandisi na walimu kilipitia miaka ambayo dunia ilijifunza kompyuta bila ya kuzigusa. Benki Kuu ya Kenya nayo ilikuwa na sababu ya kuogopa mwaka 2007. Iliifanyia kazi hofu yake kwa kuweka masharti na kukagua.

*Mhariri, nimeunda mashine ya kumenya muhogo inayotumia injini ndogo. Jirani wote wanaipenda. Nianzie wapi ili nipate msaada wa serikali?* — Kijana, Lindi

Hongera, mdogo wangu. Kabla hujaipeleka kwenye maonyesho yoyote, waone BRELA, wanaosajili hataza Tanzania Bara, uulize kama ubunifu wako unaweza kulindwa, maana ukishauonyesha hadharani unaweza kujiharibia. Weka kumbukumbu ya michoro yako na tarehe zake.

Baada ya hapo nenda ofisi ya SIDO ya mkoa. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama chako, na linaweza kukusaidia kuboresha mashine na kukuunganisha na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Waulize hasa kuhusu usalama wa visu na ukarabati: mnunuzi wako wa Newala atataka kujua kipuri kikivunjika atakipata wapi. Fuatilia pia mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019, ambayo Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, huyatumia kuwatambua wabunifu na kuwaendeleza baadhi yao. Ushindi humo ni mwanzo mzuri, lakini usiishi kwa vyeti.

Unachohitaji kuliko ruzuku ni mteja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tafuta kikundi cha akina mama wanaosindika muhogo, kiombe mkopo huo, kinunue mashine yako tatu au nne, nawe uwe karibu nao msimu mzima ukirekebisha kila kinachokwama. Sheria ya ununuzi wa umma nayo huzitaka taasisi za serikali kutenga sehemu ya zabuni zao kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Kwa hiyo sajilini kikundi chenu cha mafundi, mjiandikishe katika NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, na mwulize ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu ni zabuni zipi za mwaka huu wa fedha mnaweza kuziomba.